Jinsi ya kuisoma postikadi ya zamani ya Dar es Salaam: anza nyuma, alafu nenda pembeni

Kama una postikadi ya zamani ya Dar, iwe umeikuta kwenye kabati la babu, umeinunua onlaini au umeipakua tu kwenye simu, usikimbilie kuiposti na maneno "Dar enzi hizo" afu basi. Ile kadi inasema mengi ukijua kuiuliza. Unaweza kujua ilichapishwa kipindi gani, mpiga picha alisimama wapi, alikua anatazama upande gani, na kitu gani hakutaka wewe ukione. Nimechagua Dar kwa sababu ndo mji ninaoufahamu kwa miguu, na pia kwa sababu kadi zake zilitumwa nje kwa wingi, zipo Ujerumani, zipo Uingereza, zipo mpaka Marekani, wakati sisi tunaokaa nazo mitaa hiyo hiyo tunazo chache mno, na hizo chache watu wanazitupa wakihama nyumba. Hiyo inaniuma, na ndo sababu ya kuandika yote haya.

Anza na mgongo wa kadi. Najua macho yanataka picha, ila geuza kwanza.

Postikadi ilianza Austria-Hungaria mwaka 1869, na kwa miaka mingi sheria ilikua upande wa nyuma ni wa anwani peke yake, huruhusiwi kuandika salamu hapo. Salamu ulizibana mbele kwenye picha, ndo maana kadi za zamani kabisa zina nafasi nyeupe chini au pembeni mwa picha, na mtu akiwa na maneno mengi unakuta ameandika mpaka juu ya bahari na juu ya minazi. Baadae wakaruhusu kuugawa mgongo kwa mstari, kushoto salamu, kulia anwani. Uingereza waliruhusu 1902, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Kwa hiyo kadi ya Kijerumani ya Dar ambayo mgongo wake hauna mstari wa kati, hiyo kwa kawaida imechapishwa kabla ya 1905. Nasema imechapishwa, sijasema imetumwa, maana mwenye duka akishanunua bunda la kadi anaziuza mpaka ziishe, sheria ibadilike isibadilike.

Baada ya hapo stempu. Kama stempu ina meli na imeandikwa Deutsch-Ostafrika (yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani), hiyo meli ni Hohenzollern, yoti ya mfalme wa Ujerumani, na stempu za aina hiyo zilianza 1901. Sasa soma bei yake. Ikiwa ni kwa pesa (rupia moja ilikua na pesa 64) ni toleo la kabla ya 1905, ikiwa ni kwa heller basi ni 1905 na kuendelea, kwa sababu mwaka huo ndo walibadilisha rupia ikawa na heller 100. Stempu yenye herufi G.E.A. (German East Africa) zilizogongwa juu yake ni ya Waingereza wameshaingia, kuanzia 1917 hivi. Stempu yenye kichwa cha twiga na neno Tanganyika ni kuanzia 1922. Ukiona Kenya, Uganda na Tanganyika zimeandikwa pamoja kwenye stempu moja, hapo upo 1935 au baadae. Kama stempu imebanduliwa, na nyingi zimebanduliwa kwa sababu wakusanyaji wa stempu walikua wanaziloweka kwenye maji wanachukua stempu kadi wanaiacha, angalia kama kipande cha muhuri wa posta kimebaki kwenye karatasi, wakati mwingine mwaka unaonekana nusu na nusu hiyo inatosha.

Muhuri ukishausoma usiseme "picha ya 1912". Sema kadi ilitumwa 1912. Picha inaweza kuwa ilipigwa miaka kadhaa nyuma. Hili kosa liko kila mahali mtandaoni, na likishaanza linakopiwa na kila mtu.

Alafu maandishi madogo. Wajerumani waliandika Daressalam neno moja, Waingereza wakaandika Dar-es-Salaam na vistari. Maneno ya Kijerumani utakayokutana nayo sio mengi: Gruss aus ni salamu kutoka, Hafen ni bandari, Bahnhof ni stesheni ya treni, Kirche ni kanisa, Strasse ni mtaa, Verlag ni aliyechapisha na kutoa kadi. Inderstrasse utaikuta sana, ni mtaa wa maduka ya Wahindi. Majina ya watu pembeni mwa kadi nayo yaandike hata kama hayakwambii kitu leo. Kwa Dar ya Wajerumani utamkuta Vincenti, alikua na studio hapa hapa mjini, na utamkuta Walther Dobbertin ambae picha zake zinafika mpaka kipindi cha Vita ya Kwanza. Jina Gomes ni la Wagoa, watu wa Goa huko India, wenye studio Zanzibar. Ukijua kadi tano za mtu mmoja unaanza kujua tabia yake, anapenda kusimama wapi, saa ngapi anatoka na kamera.

Sasa chukua lenzi ya kukuzia, hata ile ya bei ndogo ya wanafunzi inafanya kazi, au kamera ya simu ukisogeza karibu sana. Ukiona vidoti vimepangwa kwa mistari, hiyo ni chapa ya mashine. Ukiona chembechembe zisizo na mpangilio, kama ngozi imekunjamana, hiyo ni chapa ya zamani iliyotumika sana kwa kadi nzuri za Ujerumani. Usipoona doti wala chembe, rangi inateleza tu toka nyeusi mpaka nyeupe, hiyo ni fotografi halisi iliyosafishwa kwenye karatasi ya postikadi. Kadi ya namna hiyo itunze kwa heshima zote maana inawezekana zilitengenezwa chache, na ukiikuza unaona mpaka kibandiko cha duka, wakati ile ya vidoti ukiikuza unapata vidoti tu.

Kuhusu rangi: usiziamini. Kadi za rangi za kabla ya Vita ya Kwanza zilianza kama picha nyeusi na nyeupe, alafu zikapakwa rangi huko kiwandani Ulaya na fundi ambae hajawahi kufika huku. Paa linaweza kuwa jekundu kwenye kadi moja na la kijivu kwenye kadi nyingine ya picha ile ile. Waliongeza mawingu, waliongeza mwezi juu ya bandari, walifuta vitu. Ukitaka kujua jengo lilikua rangi gani, kadi sio shahidi wa kutegemea.

Haya, sasa geuza mbele. Hapa ndo patamu.

Majengo yanatunza muda kuliko muhuri wa posta. Ukiwa na orodha ya majengo machache ambayo una uhakika na miaka yake, unaweza kuibana picha katikati: hiki kipo, kile hakipo, basi ni kati ya hapa na pale. Kubwa kuliko yote kwa Dar ni Ikulu. Jumba la gavana wa Kijerumani lilipigwa mizinga na meli za Waingereza mwishoni mwa 1914, na Waingereza wakajenga upya mpaka 1922, lile lenye matao ya mtindo wa Kiarabu ambalo ndo msingi wa Ikulu ya leo. Kadi ikionesha jumba la kwanza likiwa zima, picha ni ya kabla ya mizinga hiyo, hakuna mjadala. Nyingine ni sanamu. Wajerumani walimsimamisha Hermann von Wissmann, gavana na kamanda wao, akaondolewa Waingereza walipoingia 1916, sanamu ikapelekwa Hamburg na huko nako wanafunzi wakaiangusha miaka ya 1960. Sanamu ya Askari tunayoijua, ile ya shaba yenye bunduki, ilizinduliwa 1927. Kwa hiyo ukiona askari katikati ya barabara upo 1927 au baadae, na ukiona Wissmann upo 1916 au kabla.

Za haraka haraka: hoteli ya Kaiserhof, ambayo baadae ikawa New Africa, ni ya 1906. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Makumbusho ya Taifa, wakati huo ikiitwa kwa jina la mfalme George wa Tano, ilifunguliwa 1940. Mnara wa saa ni wa 1961, Dar ilipopewa hadhi ya jiji. Hoteli ya Kilimanjaro ni 1965. Soko la Kariakoo lenye paa la miavuli ya zege, kazi ya msanifu majengo Beda Amuli, lilifunguliwa 1975. Magari nayo yanasaidia, Land Rover ilitoka 1948, Peugeot 404 ilitoka 1960, na basi likiwa limeandikwa UDA ujue sio kabla ya 1974, kabla yake zilikua za kampuni ya DMT.

Baada ya mwaka, tafuta mahali. Watu wengi wanakwama hapa kwa sababu majina ya mitaa yamebadilika zaidi ya mara moja. Acacia Avenue ya Waingereza, ambayo Wajerumani waliiita Unter den Akazien, ikawa Independence Avenue na leo ni Samora. Azania Front ndo Kivukoni Front, na kanisa la Kilutheri limebaki na jina la zamani. Upanga Road ya zamani ni Ali Hassan Mwinyi, Pugu Road ni Nyerere Road, Ocean Road ni Barack Obama tangu 2013. Andika jina la kwenye kadi na jina la leo yote mawili, maana kuna siku mtu atatafuta kwa hilo moja asikupate.

Kwa picha za bandarini, ambazo ndo nyingi kuliko zote, kuna kanuni nyepesi. Maji ya bandari yako kusini mwa Kivukoni Front. Ukisimama barabarani na maji yako kulia, unatazama mashariki kuelekea kwenye pantoni la Kigamboni. Maji yakiwa kushoto unatazama magharibi kuelekea stesheni. Picha ikiwa imepigwa kutoka kwenye maji, basi kutoka kushoto kwenda kulia lazima uanze na kanisa la Mtakatifu Joseph na mnara wake uliochongoka, alafu kanisa la Kilutheri la Azania Front lenye mnara na mapaa ya vigae, na kama ni ya miaka ya sitini kuendelea hoteli ya Kilimanjaro inafuata. Mpangilio ukiwa kinyume, kadi imechapishwa kushoto kulia, kulia kushoto, yaani nega (filamu ya kamera) iligeuzwa, na hilo lilitokea kwa wachapishaji. Kuna kadi za Dar mtu anaweza kubishania kutwa nzima kumbe dawa ni kuigeuza kwenye simu kama kioo.

Ukipata mahali, nenda. Nenda asubuhi ya Jumapili mjini kukiwa kweupe, kadi iko kwenye simu, sogea mpaka pembe ya jengo lililobaki ikae sawa na pembe ya kwenye picha. Usianze na kitu cha katikati, anza na mistari miwili inayokutana, mfano mnara wa kanisa na kona ya ukuta, ukisogea kushoto mnara unajificha, ukisogea kulia unajitokeza, hivo hivo mpaka unasimama pale pale aliposimama yeye. Piga picha yako hapo. Angalia pia vivuli, asubuhi vinalalia magharibi na jioni vinalalia mashariki, kwa hiyo ukishajua kamera ilitazama wapi unajua na saa.

Sasa pembeni mwa kadi, ambako nilisema twende. Postikadi ilikua biashara na tangazo. Aliyeitoa alitaka mtu wa Ulaya aone mji safi, barabara zimenyooka, miti imepandwa kwa mstari, bendera inapepea. Mji wenyewe ulikua umegawanywa, uzunguni, uhindini, na Waafrika upande wa Kariakoo na Gerezani, na Waingereza wakauacha wazi uwanja wa Mnazi Mmoja kama mpaka kati ya watu na watu. Ndo maana utapata kadi nyingi za bandari na Acacia Avenue, na utahangaika sana kupata moja nzuri ya Kariakoo, mji ambao jina lake lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa vita, Carrier Corps, watu waliobeba mizigo ya vita ya wengine na kufa kwa maelfu. Watu wetu wapo kwenye hizi kadi ila wapo ukingoni. Kuza kona. Utaona mwanamke ana kanga anapita nyuma ya nguzo, vijana wanavuta rickshaw, mbeba maji, paa la makuti nyuma ya ukuta wa mawe, fundi yuko juu ya ngazi. Hao hawakupangwa na mpiga picha, kwa hiyo ndo ukweli mkubwa zaidi uliopo kwenye kadi nzima. Mimi picha ya kila kadi naikata kwenye simu (sio kadi yenyewe) vipande vya kona nne nikavitazama kimoja kimoja kabla ya kuandika chochote, na nakushauri ufanye hivo.

Na kuna kadi ambazo watu wetu wapo katikati lakini kwa kudhalilishwa, wanawake wamevuliwa nguo wakaandikiwa jina la kabila chini kama wadudu wa makumbusho, wafungwa wamefungwa minyororo shingoni. Hizi zipo na ni ushahidi, zihifadhi, zisome, zipeleke kwa mtafiti anayezihitaji. Ila usiziposti kwenye grupu kutafuta laiki. Yule ni bibi wa mtu na hakuulizwa.

Kama unataka kununua, tafuta kwa tahajia zote: Daressalam, Dar-es-Salaam, Deutsch-Ostafrika, Tanganyika Territory. Tovuti za eBay na Delcampe ndo kwenye kadi nyingi. Omba picha ya mgongo kabla ya kulipa, muuzaji asiyetaka kuonesha mgongo achana nae. Kadi za mwanzo zilikua takriban sentimita 9 kwa 14, za kisasa ni kubwa kidogo, kwa hiyo pima. Kadi ikifika iweke kwenye ile taa ya kukagulia noti feki: karatasi ya zamani inabaki imepoa, haing'ai, ya kuanzia miaka ya 1950 mara nyingi inang'aa weupe wa buluu kwa sababu ya kemikali za kung'arishia. Kadi inayojiita ya 1908 na inang'aa hivo ni kopi.

Usipokua na hela pia usikae mbali. Hifadhi ya nyaraka ya Taifa ya Ujerumani ilitoa picha nyingi sana kwa Wikimedia Commons mwaka 2008, za Dobbertin zikiwemo, unazitumia bure ila lazima utaje mpiga picha na hifadhi. Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani kina mkusanyiko wa Winterton, picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt ina picha za chama cha kikoloni cha Wajerumani. Unaingia, unaangalia, unalinganisha na kadi yako.

Kutunza kwa hali ya hewa ya pwani ni vita na unyevu. Usifanye laminesheni, jamani, naomba sana, ile plastiki ya moto inaunguza kadi na haitoki tena. Usibandike selotepu. Usifute na kitambaa chenye maji. Kadi iliyogandishwa kwenye albamu usiibandue kwa nguvu, ipige picha ilipo. Tumia mifuko ya plastiki ya polipropilini, sio ile laini yenye harufu kali, hiyo harufu ni kemikali na itakula wino. Panga zikiwa zimesimama ndani ya boksi, tia vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na boksi likae kabatini mbali na ukuta wa nje na sakafu. Ukitaka kuandika kitu andika kwa penseli laini mgongoni kwenye kona, kalamu ya wino kamwe.

Skani pande zote mbili, hata kama mgongo ni mtupu, kwa dpi 600 (kipimo cha ukali wa skani), na kama ni fotografi halisi panda 1200. Huna skana, tumia simu karibu na dirisha bila jua la moja kwa moja, kadi iwe bapa mezani na simu iwe sambamba nayo, zima flashi. Usikate kingo wala usiweke filta, kingo ndo zinazoonesha ukubwa na umri.

Kwa kadi za miaka ya hamsini mpaka sabini bado una hazina nyingine ambayo inapungua, wazee. Chapisha kadi ukubwa wa A4, mpelekee mzee aliyekua anafanya kazi mjini, Kisutu, Gerezani, Ilala, popote. Usimuulize "unakumbuka hapa?" maana atakujibu ndio tu kwa heshima. Muulize basi lilisimama upande gani, duka la kona lilikua la nani, waliuza nini, sinema ilikua wapi, nani alikua haruhusiwi kuingia. Muombe ruhusa umrekodi kwa simu. Akisema kitu kinachopingana na maandishi ya kadi yaandike yote mawili, usimchagulie mmoja.

Alafu faili lako lipe jina linaloeleweka, mji kwanza, mtaa wa leo, mtaa wa zamani, miaka kati ya mingapi na mingapi, aliyechapisha, mbele au nyuma. Mfano: dar_samora_acacia-avenue_1927-1940_mbele. Weka nakala kwenye simu, nakala kwenye kompyuta au flashi, na nakala moja kwa ndugu anayekaa mkoa mwingine. Na unapoposti, andika unachojua na umekijuaje: "sanamu ya Askari ipo kwa hiyo ni baada ya 1927, mgongo una mstari, haijatumwa". Mwenzako mwenye kadi ya mtaa huo huo ataanzia hapo ulipoishia wewe.